Nyumba ya Mkono wa Kulia

Dishon alipiga simu akitaka koti. Hakuuliza hali, hakuuliza biashara, hata ule uongo mdogo wa kusema "juzi tu nilikuwa nakutaja" hakujisumbua nao. Alisema makumbusho yamekamilika, kabati la kioo limeshafika kutoka Nairobi, na kilichokosekana ndani yake ni kitu kimoja tu: lile koti la kijivu ambalo marehemu baba yake alikuwa akilivaa bungeni.

"Tunajua iko kwako, Mama Nduta. Nitatuma mtu wa bodaboda aichukue."

Nduta alikuwa amesimama katikati ya magunia ya viazi katika soko la Kibuye mjini Kisumu, simu ameibana kati ya sikio na bega, mikono imejaa udongo mwekundu. Alimwacha Dishon amalize maneno yake yote. Kisha akamwambia, "Koti halipandi bodaboda. Nitalileta mwenyewe," akakata simu kabla hajaulizwa sababu.

Sababu ilikuwa moja, na afadhali isemwe mapema. Nduta alitaka kuzikwa kule koti lilikokuwa likienda.

Mheshimiwa Elisha Ragot alimwoa kihalali. Alipanda gari hadi Nyahururu kwenye baridi, kwa Wakikuyu wazazi wa Nduta, akamlipia mahari ya mbuzi, blanketi na Kiingereza kingi, kisha akamjengea nyumba katika boma lake juu ya kilima, karibu na Luanda Kotieno, mahali ambapo ukisimama uani unaiona feri ya Mbita ikienda na kurudi. Waluo wana mpango wao wa boma na hawana mzaha nao. Nyumba ya mke wa kwanza, mikayi, hutazamana na lango. Ukisimama mlangoni kwake ukiangalia nje, mke wa pili yuko mkono wa kulia. Na mke akifa, hulazwa ubavuni mwa nyumba yake. Asiye na nyumba bomani hana pa kulazwa. Itabidi kwanza ajengewe, hata kijumba cha kubabaisha cha siku moja, ndipo maiti yake ipite langoni. Nduta hakujaliwa mtoto wa kumsimamia jambo hilo. Alichokuwa nacho ni viazi, presha, na umri ule ambao daktari haanzi sentensi bila kusema "kwa umri wako."

Nyumba alikuwa nayo zamani. Halafu ukaja ule mwaka wa uchaguzi mbaya, makabila yakageukiana. Mheshimiwa alikuwa ameshazikwa, na majirani wa Nduta mjini Kisumu, alikokaa kwa ajili ya biashara, walimwambia aondoke, wengine kwa huruma, wengine kwa mawe. Akaondoka juu ya lori la polisi akiwa na godoro moja na koti moja. Mambo yalipotulia alirudi Kisumu, akarudi na sokoni, lakini bomani hakurudi. Alikuwa akingoja aitwe. Alingoja mwaka wa kwanza, akangoja wa pili, na baada ya hapo aliacha kusema kwamba anangoja, ingawa kila simu ya namba ngeni ilimshtua moyo. Wauza samaki ndio waliomletea habari kwamba mvua imeiangusha nyumba yake, paa na kuta.

Kwa hiyo lile koti halikuwa koti tu. Siku ya mazishi, mbele ya maaskofu na wabunge na kamera, wajane wawili wa Elisha Ragot walisimama kando ya jeneza wamevaa nguo za mume wao, kama wajane wa pale wanavyofanya. Dorca, mikayi, alivaa koti la bluu. Nduta alivaa la kijivu. Huo ndio ushahidi pekee aliokuwa nao kwamba aliwahi kuwa mke wa mtu, na sasa mtoto wa mwenzake alitaka kuufungia ndani ya kioo.

Jumamosi akaenda. Alivaa gauni la kanisani, akalikunja koti ndani ya kitambaa cheupe, akashuka langoni jua likiwa limeanza kuchoma. Palikuwa na ubao mkubwa wenye jina la Mheshimiwa kwa herufi za dhahabu, na kundi la akina mama wa kanisa kutoka Awasi waliovaa vitambaa vya kijani, wameshika soda na wana furaha ya kuwa mbali na waume zao. Nduta hakujitambulisha. Alijipenyeza nyuma yao, akawa mgeni kama wageni wengine.

Mwongozaji alikuwa msichana aitwaye Naswa, mwenye sauti nzuri na haraka ya mtu aliyekariri. Aliwaonyesha gari la Mheshimiwa lisilo na injini. Aliwaonyesha sebule, picha za marais, redio, na kabati la kioo lililokuwa tupu. Halafu akawatoa uani.

"Hapa Mheshimiwa aliishi na mke wake, Mama Dorca, ambaye Mungu amemweka hadi leo."

"Mmoja tu?" aliuliza mama mmoja mnene aliyekuwa mbele, ambaye wenzake walimwita Lornah.

"Mmoja."

"Mjaluo wa enzi hizo? Na pesa yote hiyo?"

Akina mama wakaangua kicheko. Naswa alicheka nao kidogo, akasema ndivyo alivyofundishwa. Kisha akanyoosha mkono wa kulia. "Na kwa wale ambao soda imewafikia, kule ni vyoo. Vya kisasa kabisa, maji yapo."

Nduta akatazama. Pale alipokuwa na mlango, pale alipokuwa akianika mahindi huku akigombana na kuku wa Dorca, palisimama jengo dogo lililopakwa rangi ya maziwa, lina milango miwili, mmoja una picha ya mwanamume na mwingine una picha ya mwanamke. Kwanza hakuelewa. Alipoelewa, alishika bega la mama asiyemjua. Hakuwa na hasira bado. Aliona aibu tu, aibu ya kuvuliwa nguo mbele za watu, japo hakuna mtu hata mmoja aliyejua kwamba aliyevuliwa ni yeye.

Angeondoka saa hiyo hiyo. Alishageuka kwenda langoni na koti lake kwapani, ila njia ya langoni ilipita karibu na veranda ya nyumba kubwa, na kwenye veranda alikaa Dorca.

Dorca alikuwa amekataa kuhama. Walipomwambia nyumba inafanywa makumbusho, aliwajibu kwamba hiyo ni sawa, watengeneze, lakini chumba chake wasikiguse. Basi kila siku wageni walipita mbele yake, wakampiga picha wakidhani naye ni sehemu ya maonyesho, na yeye akawaambia wasimkate miguu. Siku hiyo alivaa miwani myeusi, kwa sababu alikuwa ametoka kutolewa mtoto wa jicho Kisumu na jua lilimuuma.

"Oyawore, mikayi," alisema Nduta. Habari za asubuhi.

Dorca aligeuza kichwa, akavua miwani, akakunja uso kwa ajili ya mwanga. Alimwangalia kuanzia viatu, akapanda polepole, na alipofika usoni akakaa hapo.

"Nyieka," alisema. Mke mwenzangu. Halafu, bila kubadilisha sauti: "Umekula?"

Nduta alikuwa amejiandaa kwa maswali mengi njiani, ila hilo halikuwamo. Alitikisa kichwa. Akakaa kwenye ngazi ya veranda, na machozi yakaja yenyewe.

"Sasa unalia nini na hujakula?" Dorca alimkaripia. "Nduta, kwani kulikuwa na nini? Mbona ulikaa hivyo? Mimi nilingoja wewe mpaka macho ikaharibika."

"Nilingoja kuitwa, mikayi."

"Kuitwa na nani?"

"Na nyinyi. Kwetu mtu akifukuzwa, hajirudishi. Anangoja wenyewe waje wamwite."

"Nani alikufukuza hapa?"

"Hapa hakuna."

"Eeh. Sasa mimi nikuite wapi? Kwetu mtu haitwi kwake. Mke akienda safari, anarudi. Nikikupigia simu, 'Nduta, kuja kwako,' si hiyo ni kukutukana? Ni kama nasema hujui nyumba yako!"

Miaka yote hiyo mmoja alikuwa kilimani na mwingine sokoni, kila mmoja akitimiza adabu aliyofunzwa na mama yake, na adabu hizo mbili ndizo zilizowatenganisha. Nduta alitamani kucheka na kupiga kelele kwa pamoja. Enzi zile Mheshimiwa alipokosa kiti na marafiki wote wakasahau njia ya kilima, ni wao wawili waliobaki: Nduta akituma viazi na unga kutoka Kisumu, Dorca akirudisha omena na samaki wa kukausha kwa basi lile lile. Walianza kwa kununiana, wakaishia kuwa zaidi ya dada. Hayo yote yalikuwepo bado. Yalikuwa yamekosa tu mtu wa kuyachukua.

Akafungua kitambaa, akamwekea Dorca koti magotini. Dorca aliliinua, akazamisha pua kwenye kola.

"Sigara," alisema. "Mzee huyu na sigara yake. Daktari alimwambia."

Hapo ndipo Dishon alipotokea, mtu mzima mwenye kitambi na shati la makumbusho, amevaa glavu nyeupe za kushikia vitu vya kale. Alimwona Nduta akasita. Alimsalimia vizuri, hawezi kusingiziwa, ila macho yake yalienda kwenye koti.

"Chukua," mama yake alimwambia. "Weka kwa kioo. Na uandike chini, imeletwa na mke wake wa pili."

"Mama, hiyo mambo ya kuandika tutaongea."

"Tuongee sasa," alisema Nduta. Alishangaa kusikia ni yeye aliyesema. "Dishon, mwanangu, nyumba yangu mmeifanya choo."

Dishon alivua glavu, moja, halafu nyingine. Akaeleza kuhusu ramani, kuhusu kontrakta, kuhusu mabomba. Alieleza sana. "Ni kontrakta alichagua hapo, Mama Nduta. Hapo ndio palikuwa wazi. Hii boma yote imejaa migomba na mihogo, lakini hapo palikuwa safi kabisa. Mama alikuwa amekataza watu wasilime. Hata mbuzi hakuruhusu. Mimi nilidhani ni juu ya nyoka."

"Nyoka?" Dorca aliuliza.

"Hukuwahi kusema ni kwa nini, Mama."

"Nani anaambiwa? Unaona mama yako anafagia mahali nyumba ilianguka, mwaka baada ya mwaka, unadhani anafagilia nyoka?" Alimgeukia Nduta, na sauti ikamshuka. "Nilikuwekea. Nilisema akirudi asikute mihogo ya mtu sebuleni kwake. Halafu nikapeleka macho Kisumu, nikakaa huko mwezi. Kurudi, nasikia harufu ya simiti upande wa kulia."

Nduta alimshika mkono. Usafi wa kiwanja ndio uliokiponza. Kama Dorca angempenda kidogo tu, kama angeacha watu wapande mihogo, vyoo vingejengwa kwingine. Aliubana mkono ule mkavu, akaubana tena.

"Hiyo choo itoke," alisema Dorca.

"Mama, haiwezekani. Bajeti imeisha. Na historia imeshaandikwa, ubao uko kwa lango, vitabu vidogo viko kwa meza. Jumatatu wafadhili wanakuja, kutoka Nairobi na ng'ambo. Wageni watajisaidia wapi?"

Dorca alishika fimbo yake, akasimama kwa awamu, kiuno kwanza, magoti baadaye. "Nduta," alisema, "beba viti viwili."

Walivuka uani polepole, mmoja na fimbo, mwingine na viti vya plastiki, na akina mama wa Awasi wakawapisha bila kujua kinachoendelea. Dorca aliweka kiti chake mbele ya mlango wenye picha ya mwanamke, akakaa. Nduta akaweka chake mbele ya mlango wenye picha ya mwanamume, akakaa. Basi.

Dakika si nyingi, Lornah wa kanisani akaja na mwendo wa mtu mwenye soda mbili tumboni. "Sori, Mama, naomba kupita."

"Pole, nyathina, mwanangu," Dorca alimjibu kwa upole. "Hapa ni kwa mtu. Hii ni nyumba ya mke mwenzangu. Utakojoa kwa nyumba ya mke mwenzangu?"

Lornah alimwangalia bibi kizee, akamwangalia Nduta, akaangalia mlango, na hesabu ikamwingia kichwani yote kwa mpigo. Akageuka nyuma akawapigia wenzake kelele kwa Kijaluo, na alichosema kilikuwa kirefu kuliko haja yake ilivyoweza kungoja, maana alimalizia akikimbia kuelekea kwa jirani. Wenzake walimfuata, vitambaa vya kijani vikishuka kilima kimoja kimoja. Waliporudi hawakuendelea na ziara. Walikaa kwenye nyasi mbele ya wale wazee wawili wakataka kusikia habari ya yule mke wa pili tangu mwanzo, na Naswa, mwongozaji, alikaa nao akasikiliza.

Kumwinua mikayi kutoka mahali alipoamua kukaa katika boma la mumewe, hakuna mwanamume wa kilima kile mwenye kifua hicho. Dishon alijaribu kila njia nyingine. Alileta chai. Alileta mwavuli, akasema jua litaharibu macho. Alisema wafadhili, wafadhili, Jumatatu.

"Waje wamekojoa," Dorca alisema.

Jua lilipoanza kuelekea ziwani, Dishon aliacha kutembea huku na huku. Alikuja akakaa chini mbele yao, kwenye majani, na kitambi chake na shati lake la makumbusho, akawa mtoto wao tena.

"Mama Nduta," alisema, "ukweli ni huu. Nikisema wake wawili, watu wataniuliza yule mwingine yuko wapi. Nitasema yuko Kibuye, anauza viazi. Wataniuliza, na wakati ule wa shida, ni nani alienda kumtafuta? Mimi nilikuwa na gari. Nilikuwa na mafuta ndani ya gari. Sikwenda." Alipangusa uso. "Ikakuwa rahisi kusema mke mmoja."

Nduta alikuwa ameyatamani maneno hayo kwa muda mrefu mno, na sasa yalipokuja hayakumpa raha aliyotegemea. Alichoona ni taya la Elisha, lile lile, kwenye uso wa mtu aliyechoka.

"Barabara ilikuwa imefungwa, mwanangu," alisema.

"Sikujaribu."

"Najua. Nimekusikia." Akamgusa kichwani. "Inuka, majani yana siafu."

"Asiinuke bado," alisema Dorca. "Dishon, wewe ndio kifungua mimba wa baba yako. Utasimamisha nguzo ya kwanza, hapa hapa, kwa niaba yake. Sitaki ingojee Nduta akufe ndio watu wakimbizane na mabati, wajengee maiti. Nataka nyumba aifagie."

Na ikawa hivyo, ingawa si kwa urahisi. Wafadhili walikuja Jumatatu wakaelezwa, na mmoja wao aliona habari hiyo ni nzuri kuliko gari lisilo na injini. Vyoo vilibomolewa, vingine vikachimbwa nje ya lango, ambako vingekaa tangu mwanzo kama kontrakta angeuliza. Ubao ulipakwa upya. Asubuhi ya nguzo ya kwanza umande ulikuwa haujakauka. Dishon alichimba mwenyewe, akatoka jasho, akakataa kusaidiwa. Nyumba ilikuwa ndogo, vyumba viwili na paa la mabati, na Nduta alipowasha moto jikoni kwa mara ya kwanza moshi ulimtoa machozi akasingizia kuni.

Bado alikuwa na biashara yake Kibuye, ila mwisho wa juma alikuwa kwake. Naswa aliwapitisha wageni uani akasema wake wawili, huyu na huyu, na walipotaka kuchungulia dirisha la mkono wa kulia aliwazuia. Hapo si makumbusho, aliwaambia, hapo mnabisha hodi.

Jumapili moja baada ya kanisa, Dorca alikuja na fimbo yake, macho yake sasa yakiona vizuri, akaizunguka nyumba mpya akiikagua. Kwenye ubavu mmoja alisimama. Alichora kwa ncha ya fimbo mstari ardhini, akachora mwingine, akaunganisha. Ni jambo ambalo watu wa kule hawapendi kumwonyesha mtu mzima, lakini Dorca alikuwa amefika umri wa kutoogopa.

"Utatosha?" aliuliza.

Nduta alitoka jikoni akipangusa mikono. Aliutazama mchoro. Akaingia ndani yake, akasimama katikati na viatu vyake vya kanisani, akageuka huku na huku. Ziwa lilionekana lote, na feri ikiwa mbali.

"Hapa pana jua sana," alisema. "Mchana patakuwa moto."

"Utakuwa umekufa, Nduta. Jua litakufanya nini?"

"Hata hivyo. Nimezaliwa kwenye baridi."

Dorca akafikiri, uso umekunjwa, kwa uzito wote wa mikayi anayepanga boma lake. Kisha akageuka akamwita mwanawe kwa sauti iliyofika hadi langoni.

"Dishon! Leta jembe. Huyu mtu anataka mti wa kivuli, na mti unachukua miaka kukua, kwa hivyo asituharakishie."